Jezi Namba Saba

Naikumbuka vizuri, mwanangu, Jumapili niliyokataa kuingia uwanjani kwa sababu ya jezi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mkata miwa pale Ramisi, na golikipa wa timu yetu sisi wakata miwa. Jezi yangu ilikuwa namba saba. Najua, golikipa havai saba. Lakini siku ya kwanza kuivaa nilidaka penalti mbili, na tangu hapo sikutaka nyingine. Tena nilikuwa siifui, nikiogopa bahati isije ikatoka na povu la sabuni. Usicheke.

Jumapili hiyo tulikuwa na fainali na vijana wa Bodo. Kocha wetu, Mzee Bakari, alikuwa amezikusanya jezi zote zikafuliwe, na yangu kwa uchakavu ikapasuka kutoka begani mpaka kifuani. Akanipa namba kumi na nne.

"Hii sivai," nikamwambia.

"Utavaa, Salimu. Watu wanangoja."

"Nikiivaa tutafungwa, Mzee. Mimi najijua."

Mzee akawageuzia wenzangu ile jezi. Ndipo Mutua akanyoosha mkono, akaichukua. Mutua alikuwa beki wetu na rafiki yangu. Wazazi wake walitoka bara wakapata shamba huku, na mimi naye tulikuwa tukikata miwa mstari kwa mstari. Hakuwahi kukaa golini hata siku moja. Mimi nikakaa kando ya uwanja, mikono nimeikunja, na Mungu anisamehe, moyoni nilikuwa nikiomba tufungwe ili waone kwamba nilisema kweli.

Tukafungwa. Bao la pili Mutua aliruka vibaya, mkono wake wa kulia ukagonga mlingoti wa goli. Pale nilipokaa niliusikia mfupa ukivunjika.

Alifungwa plasta hospitalini Msambweni. Kesho yake nilikwenda kwao. Mama yake aliitikia shikamoo yangu, akanipa chai, hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Mutua alikuwa akihangaika na vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

"Ningeivaa ile jezi, Mutua..."

"Labda tungefungwa vilevile," akasema. "Lakini wewe unajua kuanguka. Mimi sijui."

Nikamfungia vile vifungo. Msimu ule wote nilikata mistari yangu, kisha nikakata na yake, ili nafasi yake asipewe mtu mwingine. Aliporudi kazini vidole vyake viwili vilikuwa havikunjiki sawasawa, na mpaka leo tukipeana mkono navihisi kiganjani mwangu.

Sasa nimesikia, mwanangu, kwamba umepewa namba kumi na tatu ya mbio za Jumamosi na unataka kujitoa. Sikucheki. Kila mchezaji ana woga wake, na woga hutafuta kitu cha kushikilia. Lakini ninyi ni wanne wa kupokezana kijiti. Wenzako walikuchagua kwa miguu yako, waliyoiona ikifanya mazoezi kila alfajiri, hawakuichagua namba. Ukijitoa, zamu yako haifutiki. Mtu ataikimbia, na huenda akaumia mahali ambapo wewe ungepita salama. Omba dua yako, bandika namba kifuani, kimbia. Kushindwa kutapita. Kumtazama mwenzako akilipia hofu yako, hilo mimi halijanipita.

Nenda, mwanangu. Mola akupe pumzi ndefu na moyo mtulivu, akurudishe nyumbani mzima, wewe na wenzako wote. Amin.