Siku Kina Mama wa Mpitimbi Walipoingia Kiwandani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta kiwanda kimya. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, maana kinu cha kusaga mahindi cha ukubwa ule husikika tangu barabarani. Badala yake niliwakuta wanaume wamekaa juu ya magunia, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nikadhani nimekosea siku.

"Tunamsubiri fundi," mmoja akaniambia.

"Fundi gani?"

"Wa Dar es Salaam. Shafti imekatika."

Shafti ni mhimili wa chuma unaozungusha roli za kusagia. Ikikatika, kinu kizima kinalala. Mimi nilisomea kukereza vyuma, yaani kukichonga chuma huku kinazunguka kwenye mashine, lakini mashine ya kukerezea iliyokuwapo karakanani ilikuwa fupi kuliko shafti yenyewe. Nikasubiri na wenzangu.

Mhandisi Mkuu alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, mpole. Aliniuliza natoka wapi.

"Hapa hapa Songea, mzee. Nyumbani ni Mpitimbi."

Akaweka kalamu chini. "Mtu wa hapa, na ni fundi?"

Hakusema kwa dharau. Alishangaa kweli, na baada ya kuzunguka kiwandani nikashangaa kuliko yeye. Mahindi yalikuwa yetu, mji wetu, lakini watu wetu walikuwa wapakiaji na walinzi tu. Kila aliyeshika spana alikuwa ametoka mkoa mwingine, na mkataba ukiisha alirudi kwao na ujuzi wake. Nilienda kulala nikiwa bado nalitafuta jibu la swali la bosi wangu.

Nawaandikia ninyi mnaoingia viwandani leo, mnaokuta mambo yamepangwa, mkadhani yalijipanga.

Miaka ikapita, nikapanda hadi kuwa msimamizi wa karakana. Ndipo akaja Meneja wa Kiwanda mpya, mtu wa haraka, asiyependa kusubiri mgeni yeyote kutoka popote. Aliniita akasema, "Fundi Ponsiano, nimechoka na mafundi wanaoondoka. Nitafutie watu ambao nyumba zao zinaonekana kutoka getini."

Peke yetu tusingeweza. Tulikwenda kwa Sista aliyekuwa mkuu wa chuo kidogo cha ufundi, mwanamke wa maneno machache aliyevaa aproni ya karakana juu ya kanzu yake ya kitawa. Tukakubaliana hivi: vijana wajifunze misingi chuoni, kutumia tupa na jiliwa, ile inayobana chuma wakati unakifanyia kazi, na kusoma michoro. Kisha waje kwetu kiwandani kushika mashine zenyewe. Uongozi wa kata ya Bombambili, jirani na kiwanda, ukatafuta familia za kuwapokea wanaotoka vijijini, ili wawahi kazini kwa baiskeli. Vijiji navyo vikaahidi chakula chao.

Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi wazazi. Mpitimbi, kijijini kwangu mwenyewe, nilipita nyumba kwa nyumba. Edita alikuwa binti mwenye macho makali, aliyekwisha kuifungua na kuifunga baiskeli ya baba yake hadi ikamchosha. Mama yake alinisikiliza huku anapukuchua mahindi.

"Huko kwenye mashine, nani atamwangalia mwanangu?" akauliza.

"Mimi, mama."

Akapukuchua bunzi lote kabla ya kujibu. "Haya. Mchukue."

Edita akawa hodari. Alikuwa na sikio la mitambo: akiweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake juu ya beringi inayoshikilia shafti, alijua kama imeanza kuchoka. Mhandisi Mkuu alianza kumwita yeye kwanza, mimi baadaye. Nilifurahi.

Basi nisikilizeni jinsi mashine ilivyokuwa ikizimwa siku hizo. Swichi zote zilikuwa katika chumba kimoja, nyuma ya ukuta. Ukitaka kubadilisha mkanda unaozungusha mashine, unapiga kelele, "Zima!" Aliyeko chumbani anazima. Ukimaliza unapiga kelele tena, "Washa!" Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo tulivyofundisha.

Ilikuwa asubuhi, magari ya wateja yamepanga foleni nje. Edita alikuwa anabadilisha mkanda wa skrubu ndefu inayosukuma mahindi kwenda kinuni. Mtu upande wa pili akamwitia mwenzake jambo jingine kabisa. Aliyekuwa chumbani akasikia "Washa".

Sikusikia Edita akilia. Nilisikia mkanda ukikwama, mlio ambao haukupaswa kuwapo, nikakimbia. Alikuwa amekaa sakafuni, ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, ananitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali asilolielewa. Vidole viwili havikuwapo.

Nimefanya kazi maisha yangu yote na vyuma, lakini saa ile mikono yangu haikujua la kufanya. Ni Mhandisi Mkuu aliyevua shati akamfunga mkono, akambeba hadi kwenye gari. Mimi nilibaki nimesimama. Mtu alinipa maji ya kunywa, nikayamwaga bila kujua.

Mchana ule Meneja aliniita. Uso ulikuwa umemsawajika.

"Mpango umekwisha, Ponsiano. Warudishe wote kwao kabla wazazi hawajaja hapa."

"Wazazi watasemaje?"

"Ndiyo maana nasema warudishe leo."

Sikuwarudisha. Nilimwendea Sista, naye akasema, "Tuwafuate wazazi kabla hawajatufuata." Kesho yake tukapanda pikapu ya chuo kwenda Mpitimbi. Nilikuwa najua ninakokwenda: kwa watu wangu, walionipa watoto kwa sababu wananijua kwa ukoo.

Walikuwa wamekusanyika darasani shuleni, wengine wamesimama madirishani. Wanaume walianza kabla hatujaketi. "Warudisheni watoto!" "Mnatafuta wa kulisha mashine!" Sista alijaribu kusema, wakamzima. Ndipo mama yake Edita akasimama. Alikuwa ametoka hospitali, na kitenge chake kilikuwa bado na doa.

"Fundi, uliniambia utamwangalia."

"Ndiyo, mama. Nilisema."

Nilisubiri matusi. Ningeyapokea.

"Nimekaa naye usiku kucha. Nimemuuliza ilikuwaje, akanieleza, sikuelewa. Mkanda, skrubu, chumba cha swichi. Nataka kwenda kuiona."

"Kuona nini, mama?"

"Hiyo mashine."

Mzee mmoja akafoka kwamba watoto warudi, habari iishe. Mama akamgeukia. "Wakirudi, mashine itabaki vilevile. Atakuja mtoto wa mtu mwingine. Mimi nataka kuiona, na kina mama wenzangu twende wote."

Nilikwenda pale nikitarajia kufukuzwa kwa mawe. Nilirudi na ombi ambalo sikujua nitalifikishaje. Meneja alipolisikia alicheka, kisha akaona sicheki.

"Wanawake wa kijijini ndani ya kinu? Watafanya nini?"

"Wataangalia," Sista akamjibu. "Mahindi yao yanaingia humu kila siku. Na wao waingie mara moja."

Walikuja juu ya lori la mahindi, wamevaa sare ya kitenge kama wanakwenda kwenye harusi. Mhandisi Mkuu aliamuru kinu kizimwe chote, akawatembeza mwenyewe. Walikuwa wakiongea Kingoni kwa sauti za chini. Kwenye kila mashine mama yake Edita alisimama na kuuliza swali moja.

"Hii inazimwa wapi?"

Mhandisi Mkuu akaonyesha ukuta. "Nyuma kule, mama."

"Na hii?"

"Kule kule."

Tulipofika kwenye ile skrubu hakuuliza. Alichuchumaa pale alipokaa mwanawe, akatazama ukutani.

"Aliyeko kule anamwona aliyeko hapa?"

"Hamwoni."

"Kwa hiyo anawasha bila kuona."

Mhandisi Mkuu akavua kofia. "Mama," akasema, "hilo nimeliandikia makao makuu hadi nikachoka. Waliniambia tusubiri." Akamtazama Meneja mbele yetu wote. Sikuwahi kumwona mtu yule mpole akimtazama mtu hivyo.

Nilidhani Meneja atakasirika. Aliketi juu ya gunia, palepale, na suti yake. "Mashine hii haiwaki tena," akasema, "mpaka iwe na swichi yake hapa."

Haikuwaka. Wateja waligomba, kiwanda kikalala, na vijana wetu wa mafunzo ndio walioifanya kazi ile. Chuoni walikata mabati na kuchomelea makava ya kufunika mikanda. Kiwandani wakafunga swichi pembeni ya kila mashine, na kila fundi akapewa kufuli lake. Ukitaka kuingiza mkono, unazima, unafunga kwa kufuli, unatia ufunguo mfukoni. Hakuna awezaye kuwasha mpaka wewe utoke. Nyie leo mnaona ni jambo la kawaida. Na kila msimu wa mavuno wazazi walirudi kukagua. Baada ya hapo sikuhitaji tena kupita nyumba kwa nyumba, walinifuata wao.

Edita alirudi kazini, lakini hakukaa. Siku moja aliniambia, "Fundi, nikisikia kinu kinaanza, mwili unatetemeka. Siwezi." Sikumbembeleza. Sista alimchukua, akamfundisha uchoraji wa kiufundi, na baadaye akawa anaufundisha. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri. Mimi bado najikuta nautazama mkono wake kabla ya uso, na najua anaona.

Nilistaafu kimya kimya. Sasa nalima mahindi, na mwaka huu nilipata safari ya mjini, nikamwambia wa bodaboda anishushe kiwandani. Kwenye mlango wa karakana niliyoisimamia akanizuia binti mwenye ovaroli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Napita tu kuangalia."

"Huingii na kandambili, mzee. Buti za wageni ziko pale."

Nikamuuliza kama ananijua. Hakunijua. Nikamuuliza ametoka wapi, akasema Bombambili. Nani alimfundisha? Akataja jina ambalo sijawahi kulisikia. Na huyo, alifundishwa na nani? Akataja jingine, mtu wa Mpitimbi, akaniambia hata ukoo wake. Sikumjua. Nikaanza kumtajia wale wangu, mmoja mmoja, na kila jina alitikisa kichwa kwa adabu.

Nilikaa kwenye benchi nje ya karakana yangu. Nilikuwa nimejiandaa kukumbukwa. Sikuwa nimejiandaa kwa hili, kwamba wameshakuwa wengi hivi, wanafundishana wao kwa wao, hadi hakuna anayehitaji kujua nani alianza.

"Mzee, uko sawa?" binti akauliza.

"Niko sawa. Nipe hizo buti."

Zilikuwa kubwa kwangu. Nikakaza kamba, nikaingia nyuma yake.