Refa Aliyeyapa Maua Kadi Nyekundu

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Refa, hata mkewe akiwa amenuna. Siku za kazi alikuwa kinyozi, na watoto walichekea sana jambo hilo kwa sababu kichwa chake mwenyewe kilikuwa upara unaong'aa kama sahani iliyooshwa. Jumapili jioni alivaa kaptula nyeusi iliyoanza kumbana tumboni, akaning'iniza filimbi shingoni, akaenda kuchezesha mechi za vijana kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule.

Alikuwa mtu wa mbio. Ukimtuma chumvi dukani, alikwenda akikimbia. Akisimulia habari, alisimulia kwa mikono na miguu, mpaka wateja wakazoea kumwambia, "Refa, weka mkasi chini kwanza, ndipo uendelee."

Mkewe alikuwa mtu wa taratibu, na mapenzi yake yalikuwa maua. Sebule yao ilijaa vyungu vya maua. Mgeni akikaa kwenye kochi alitekenywa shingo na tawi. Asubuhi mama huyo aliyazungukia maua yake yote, moja moja, akiyanyunyizia maji na kuyauliza hali, na Refa hakuacha kulalamika kwamba katika nyumba ile mume husalimiwa baada ya majani.

Waliishi hivyo kwa raha zao mpaka mjukuu wao alipoanza kutembea.

Mama yake, binti yao wa pekee, alikuwa akienda kazini na kumwacha kwa babu na bibi. Mtoto alikuwa na jina zuri na refu alilopewa na baba yake, lakini alipoota meno akatafuna kona ya meza, rimoti ya televisheni na kandambili ya babu, jina jingine lilijileta lenyewe: Mchwa. Kila alichokiona alikiona chakula.

Asubuhi moja, Refa akijiandaa kwenda kufungua kibanda chake, Mchwa alijipenyeza nyuma ya kochi akanyamaza. Mtoto akilia kuna shida, lakini akinyamaza kuna shida kubwa zaidi. Bibi alikuwa ndiyo kwanza anageuka kumtafuta aliposikia yowe. Akamkuta ameshika kipande cha jani pana lenye madoa meupe, ulimi nje, mate yanamchuruzika hadi kifuani. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba.

"Baba watoto! Njoo! Mtoto amekula ua!"

Shangazi wa nyumba ya pili, aliyefika kabla hata Refa hajavaa kiatu cha pili, alipiga kelele: "Mtapisheni! Mtieni kidole kooni!"

"Hapana!" bibi akasema. "Kama kilichoingia kimemchoma, kikirudi kitamchoma tena." Akachukua kitambaa safi chenye maji, akakifuta kinywa cha mtoto, akatoa mabaki ya jani, akamnywesha maji baridi kidogo kidogo. Kisha akamkumbatia na kutoka nje akikimbia kuelekea zahanati. Mwanamke yule wa taratibu! Majirani walisema baadaye kwamba hawakujua kama ana miguu ya aina ile.

Na Refa? Refa alibaki katikati ya sebule, akahangaika kwa muda wa kufumba na kufumbua, halafu wazo likamjia. Akaubeba ule mmea, chungu, udongo na vyote, akautwika kichwani, akatoka mbio. Majani yakawa yanampiga usoni, udongo unamwagika mabegani.

"Refa, unahama?" akauliza muuza mkaa.

"Nampeleka mtuhumiwa!" akajibu bila kusimama.

Kule zahanati, daktari wa zamu, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alikuwa tayari anamchungulia mtoto kinywani.

"Amekula nini?"

"Jani," bibi akasema, akihema.

"Jani gani, mama?"

Bibi akaonyesha upana wake kwa viganja. Alikuwa amelilea lile ua kama mwanawe, lakini jina lake hakulijua. Hapo mlango ukasukumwa. Likaingia jani kubwa kwanza, kisha chungu, na chini ya chungu akaingia Refa, jasho na udongo vimemfanya kama mtu aliyefinyangwa muda huohuo.

"Huyu hapa!" akasema. "Muulize mwenyewe!"

Daktari alicheka, na kicheko chake kikawatua wote mzigo moyoni, maana daktari hawezi kucheka penye hatari kubwa. Akaligusa lile jani kwa kalamu. Akaeleza kwamba utomvu wake una vijisindano visivyoonekana kwa macho, vinavyochoma ulimi na koo. Hatari yenyewe ni uvimbe ukizidi, mtoto akashindwa kupumua. Wamefanya vema kutomtapisha, na wamefanya vema zaidi kumleta mapema. Mchwa alipewa dawa, akapewa kitu baridi cha kulamba, akawekwa chini ya uangalizi. Kufika alasiri uvimbe ulikuwa umeshuka, naye ameshaanza kuutafuna mkanda wa saa ya daktari.

"Mzee," daktari akamwambia Refa walipokuwa wakiaga, "laiti kila mzazi angeniletea mmea wenyewe! Ila siku nyingine, picha ya simu inatosha."

Walipofika nyumbani Refa hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kuchukua jembe.

"Unakwenda wapi na hilo?" mkewe akamuuliza.

"Nang'oa. Yote. Leo hii."

"Hapang'olewi kitu hapa!" Mkewe akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Maua hayajamfuata mtoto. Sisi ndio tuliomwekea sumu kwenye usawa wa mdomo wake. Na mengine hayana kosa lolote. Hata wewe uwanjani humfukuzi kila mchezaji kwa sababu mmoja kacheza rafu."

Refa akaliangalia jembe. Akamwangalia mkewe. Uso wake ukaanza kuchanua.

"Mama watoto," akasema, "kadi!"

"Kadi gani tena?"

"Kadi! Nyekundu, atoke. Ya njano, aonywe! Kwa nini sikuliwaza hili?" Na kabla mkewe hajamwelewa, alikwishatoka mbio kwenda kwa fundi cherehani kuomba vipande vya vitambaa.

Kesho yake mume na mke waliongozana mpaka kwa mama muuza miche, kando ya barabara kuu, walikonunua maua yao yote. Walimpelekea picha za kila mmea wa nyumbani, naye akawaeleza bila kuficha: huu utomvu wake unawasha ngozi, huu mbegu zake ni sumu, huu hauna neno hata mtoto akiutafuna, labda atapata ladha mbaya.

"Shoga yangu," mke wa Refa akamwambia kwa uchungu, "miaka yote hii ninanunua kwako, mbona hukuniambia?"

Muuza miche akainamisha kichwa. "Hukuniuliza, dada. Uliniuliza lipi linapenda kivuli, nami nikakujibu la kivuli. Lakini kweli, ningepaswa kusema." Tangu siku ile, mteja hakuondoka kwake na mche bila kuulizwa kwanza: Una mtoto mdogo? Una mbuzi? Una paka?

Basi nyumba ya Refa ikapambwa kwa vitambaa. Mnyonyo uliojiotea nyuma ya bafu, wenye mbegu za madoadoa nzuri kama vito, ulipewa kadi nyekundu. Refa aliung'oa mwenyewe, na mbegu zilizoanguka mkewe akaziokota zote, asiache hata moja. Lile ua la madoa meupe lilipata kadi ya njano, likapandishwa kwenye rafu ndefu juu ya dirisha. Yasiyo na madhara yakashushwa chini, Mchwa ayachezee atakavyo.

Rafu ile ilitengenezwa na jirani yao seremala, na hapo ndipo ugomvi wa pili ulipozuka. Akiwa juu ya ngazi, seremala alimwona Refa kupitia dirishani akifunga kitambaa chekundu kwenye ua wa minyaa uliotenganisha viwanja vyao.

"Wee Refa! Huo ua aliupanda marehemu baba!"

"Na baba yako alikuwa mtu wa maana sana, Mungu amrehemu. Lakini maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni ni balaa."

"Mimi nimekua na mnyaa ule, na macho yangu yote mawili ninayo!"

"Ndiyo maana rafu yenyewe umeipigilia upande?"

Seremala aliteremka kuitazama rafu. Ilikuwa upande kweli. Akaanza kucheka, Refa naye akacheka, na hasira haikupata pa kukaa. Wakakubaliana ua wa marehemu ubaki, lakini usikatwe watoto wakiwa karibu, mkataji avae miwani na glavu, na vitawi visitupwe njiani. Kitambaa chekundu kikabadilishwa kikawa cha njano. Seremala alisema waziwazi kwamba amekata rufaa akashinda.

Habari ikaenea. Kibandani kwa Refa watu walikuja kunyolewa wakiwa na picha za maua kwenye simu. Wake zao walimwita mkewe awatembelee uani. Wapo waliocheka pia. "Refa amechoka na wachezaji, sasa anayapulizia filimbi majani," walisema vijana. Yeye hakujali. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mechi isiyo na dakika tisini.

Halafu ikaja Jumapili ya fainali.

Uwanja ulijaa hadi juu ya ukuta wa shule. Timu ya mtaa wa juu na ya mtaa wa chini zilikuwa sare, muda unayoyoma, na mshambuliaji wa mtaa wa chini alikuwa ameangushwa ndani ya eneo la hatari. Penalti! Watu walishikana mikono, wengine wakafumba macho. Mpigaji akaweka mpira, akarudi nyuma. Refa akainua filimbi mdomoni, akatupa jicho pembeni kuhakikisha hakuna aliyeingia uwanjani.

Jicho likagota kwa mtoto mdogo aliyekaa kwenye paja la dada yake. Shingoni alikuwa na mkufu wa punje nyekundu, kila punje na doa jeusi. Punje zile Refa alizijua. Muuza miche alikuwa amemwonyesha picha ya mbegu hizo na kumwambia kwamba watoto huzipenda kwa urembo, na kwamba hakuna mbegu alizoziogopa kuliko hizo, hasa zikitafunwa. Na mtoto alikuwa ameutia mkufu mdomoni, anaumung'unya.

Refa akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Mpigaji akadhani ndiyo ruhusa, akapiga, mpira ukazama wavuni. Mtaa wa chini wakalipuka kwa shangwe. Lakini Refa hakuwa akitazama goli. Alikuwa akikata uwanja mbio kama kijana wa miaka ishirini, mkono mmoja juu.

"Simamisha! Simamisha mechi!"

"Refa, kuna nini? Goli halali!"

Wengine walimrushia chupa za maji. Yeye akapiga magoti mbele ya mtoto, akamtoa mkufu mdomoni taratibu ili uzi usikatike. Lakini ulikuwa umekwisha kukatika. Baadhi ya punje zilikuwa kwenye kanga, nyingine kwenye vumbi.

"Amemeza?" akamuuliza dada wa mtoto.

Binti akaanza kulia. "Sijui, babu. Niliutunga mwenyewe. Nilitaka apendeze."

"Usilie, mwanangu. Umempenda tu. Hukujua." Akasimama, akageukia umati, na sauti yake ikafika ukutani. "Jamani, goli tutalizungumza! Punje hizi ni sumu. Nani ana gari?"

Kelele zikakatika. Nahodha wa mtaa wa juu, aliyekuwa amekuja kumfokea kwamba goli lisihesabiwe, ndiye aliyekuwa na gari. Mke wa Refa, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, alikwisha kumnyanyua mtoto, binti akapanda naye, na mkufu ukatiwa kwenye mfuko ili daktari auone. Gari likaondoka likitimua vumbi, nahodha usukani bado na jezi na njumu zake.

Kule zahanati walielekezwa hospitali kubwa. Mtoto akalazwa, akapimwa, akatazamwa kwa siku kadhaa. Punje alizokuwa amemeza zilitoka nzima kama zilivyoingia, ganda lake gumu halikuvunjika. Daktari alisema ganda hilo ndilo lililomwokoa, na kwamba asingeruhusu mzazi yeyote alitegemee. Siku mtoto aliporudi nyumbani, wazee wa mitaa yote miwili walikuwa barazani wakisubiri.

Goli? Lo, goli lilizua maneno! Mtaa wa chini walisema filimbi ililia kabla ya shuti, kwa hiyo goli ni halali. Mtaa wa juu walisema filimbi ile haikuwa ya penalti, ilikuwa ya punje. Refa aliamua penalti irudiwe, na mpigaji, masikini, akaupaisha mpira mpaka juu ya paa la shule. Walimfanyia kelele Refa hadi alipofika nyumbani, naye akafurahia kila tusi.

Wiki iliyofuata wale vijana waliokuwa wakimcheka walijipanga mlangoni kwa fundi cherehani kuomba vitambaa. Walimfuata Refa na mkewe nyumba hadi nyumba, na safari hii mke wa Refa ndiye aliyekuwa mbele, akionyesha kwa kidole bila haraka: huu ukateni, huu uinueni juu, huu uacheni uwapambie. Waliporudi, shangazi wa nyumba ya pili alikuwa barazani akiwafundisha akina mama jirani.

"Mtoto akila jani, msimtapishe kwa kubahatisha," alikuwa akisema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akilijua hilo. "Mfuteni kinywa, mchukueni yeye na jani lenyewe, mwende kwa daktari."

Refa na mkewe wakatazamana.

"Tumwache," mkewe akanong'ona, akishika mdomo asicheke. "Anafundisha vizuri."