Wali Niliowamwagia Kuku

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Kirongwe nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na shamba la minazi. Mimi ni mtu wa bara, na kabla sijavuka kuja Mafia ndugu zangu walinionya niwe mwangalifu na vyakula vya watu wa pwani. Niliwacheka, lakini maneno yao nilikuja nayo.

Bibi hakutaka kusikia habari ya mimi kujipikia. Baada ya magharibi alinigongea mlango na sahani iliyofunikwa kwa kawa: wali wa nazi, mchuzi wa samaki wenye pilipili, siku nyingine pweza. "Kula, mwanangu, umekonda," alisema. Nilikula nikamaliza, nikashushia chai ya rangi iliyokolea, kisha nikajilaza kitandani kusahihisha madaftari.

Mwezi wangu wa tatu pale kifua kikaanza kuwaka. Moto ulipanda hadi kooni ukaniachia maji machungu mdomoni. Mwanzoni nilipuuza. Ulipokuwa wa kila siku, nikayakumbuka yale maonyo.

Nikaanza kuwamwagia kuku chakula cha bibi nyuma ya nyumba. Sahani niliziosha, nikamrudishia na asante nyingi. Mimi nikawa nashindia chipsi na soda. Kifua kiliendelea kuwaka, nami nikajiambia kwamba nilichokwisha kulishwa hakitoki kirahisi.

Siku moja ofisini, wakati wa mapumziko, mwalimu mwenzangu aliniuliza mbona najishikashika kifua. Nikamjibu mbele ya wote, "Yule bibi ninayekaa kwake ameniwekea kitu."

Wengine walicheka. Aliyeniuliza hakucheka. Alifunika kalamu yake, akasema taratibu, "Yule ni mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea. Nenda zahanati, mwalimu."

Nilikwenda siku ileile, uso umenishuka. Tabibu aliniuliza kama maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, kama chakula kinakwama, kama nimetapika damu au kupata choo cheusi. Yote hapana. Ndipo akauliza ninakula saa ngapi, ninajilaza saa ngapi, na ninameza dawa gani. Nikamtajia vidonge vya mgongo nilivyojinunulia dukani, ambavyo mara nyingi nilivimeza tumbo tupu.

"Hicho ni kiungulia," alisema. "Asidi ya tumboni inapanda kooni. Ukijilaza umeshiba, unaifungulia njia. Na vidonge hivyo vinalichubua tumbo."

Aliniambia niviache, nile kidogo na mapema, nikae masaa mawili matatu kabla ya kulala, niinue kitanda upande wa kichwani, nipunguze chai kali, soda, mafuta na pilipili. Akanipa dawa, akasema nirudi nisipopata nafuu. Sikumwambia nilivyokuwa nimemsingizia mtu.

Baada ya siku kumi moto ulikuwa umepungua sana. Nikamwendea bibi, nikamkuta anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza habari ya kiungulia, nikamwomba aniletee chakula kidogo, mapema, kisicho na pilipili.

"Ungeniambia zamani," alisema bila kuinua macho. "Nilikuona unawapa kuku. Nikadhani uzee umeniharibu mkono. Nikawa namwita jirani aonje kwanza, ndipo nikuletee."

Nilitaka kumwambia yaliyobaki, lakini nikasema tu, "Nisamehe, bibi." Akajibu kwamba maradhi si kosa la mtu. Mpaka leo sijui kama alikuwa amesikia niliyoyasema ofisini, au alidhani naomba radhi kwa ajili ya wali.

Kesho yake ofisini nilisimama nikakiri kwamba nilimzulia. Mwenzangu alisema, "Sawa," akarudi kwenye madaftari yake. Tulifundisha pamoja miaka miwili zaidi, tukisalimiana vizuri kila asubuhi. Nyumbani kwake hakuwahi kunikaribisha.