Paa la Zahanati ya Mukuru

Siku yangu ya kwanza katika idara ya ukarabati ya mitaa ya Eastlands, nilitaka kupanda juu ya paa la nyumba moja pale Shauri Moyo nilipime, tujue lingekinga maji ya mvua kiasi gani. Msimamizi wetu, mzee mmoja kutoka Kakamega, alinizuia.

"Nekesa, shuka. Pima hapa chini, ukingo hadi ukingo. Mvua haijali paa limeinama vipi."

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, unapata lita moja. Paa la mita kumi kwa sita, mwezi wenye mvua ya milimita mia moja, litakupa lita elfu sita. Toa moja ya tano: ndiyo inayoruka nje ya gata la kukingia maji ukingoni mwa paa, inayokauka kwenye mabati, na ile ya kwanza yenye vumbi ambayo lazima uimwage.

Baadaye nilipelekwa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, kwenye zahanati ndogo ya kujifungulia. Muuguzi mkuu, Sista Adhiambo, alikuwa ameletewa tangi kubwa la maji ya mvua na wafadhili, na alilifurahia sana. Nilipima paa, nikapiga hesabu mara mbili, kisha nikamwambia ukweli.

"Sista, paa hili halitalijaza. Kufika Januari tangi litakuwa tupu."

Akajibu, "Akina mama hawangojei mvua ndipo wajifungue. Sasa tufanye nini?"

Nje, wajawazito walikuwa wamepanga foleni juani. Nilimwambia tukiezeka pale, watapata kivuli nasi tutapata paa la pili la kukingia maji. Aliwaomba mafundi wa kanisani kwao, wakaezeka.

Kiangazi kilichofuata mifereji ya maji ya bomba ilikauka kwa majuma mengi. Sista aliamuru maji ya tangi yawe ya chumba cha kujifungulia tu. Yalikwisha kabla mvua haijarudi, akalazimika kununua maji ya wachuuzi wa mikokoteni siku za mwisho. Lakini hakuna mtoto aliyekosa maji ya kuogeshwa.

Sasa nimestaafu, na majirani huja kuniuliza wanunue tangi la ukubwa gani. Nawauliza paa lao ni kubwa kiasi gani, na wanaolala chini yake ni wangapi. Mara nyingi jibu ni kwamba maji hayatatosha. Wengine huondoka wamenuna. Hata hivyo nawaambia, maana ni afadhali walijue hilo wakati bado kuna nafasi ya kuongeza mabati.