Diski ya Mkunga

Mkunga mstaafu wa mtaa wetu aliingia dukani kwangu na flashi ameifunga kwenye leso, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Alitaka nimchomee diski mbili, moja yake na nyingine ya binti yake anayeishi mbali. Ndani ya flashi kulikuwa na kipindi cha chemshabongo alichokirekodi kwenye king'amuzi chake, siku ambayo marehemu mumewe alishiriki. Mzee wa watu alitolewa swali la kwanza tu, lakini hakuna sauti yake nyingine iliyobaki. Na king'amuzi kilikuwa kimeanza kujizima chenyewe. Kikifa, hana kingine cha kuisikilizia.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nina mdomo huo, na siku hiyo uliniponza. Kompyuta ilikataa faili. Nikabadilisha diski, ikakataa. Nikapunguza kasi ya kuchoma, nikajaribu programu nyingine, nikaitukana kimoyomoyo, wapi. Mwisho nikaelewa: kampuni ya televisheni hufunga rekodi hizo zisifunguke popote ila kwenye king'amuzi kilichozirekodi.

"Kwa hiyo ndiyo basi?" akauliza.

"Hapana, mama. Nakuja kwako, unaiwasha kwenye tivii, mimi nairekodi kwa kamera."

Sebuleni kwake nilitaka kukalia kiti cha karibu na dirisha, akanivutia stuli; kile kilikuwa cha mzee. Nikafunga pazia, nikasimamisha kamera, nikamwomba jambo moja tu: anyamaze, maana kamera hunasa kila sauti ya chumbani.

Mtangazaji akauliza mtoto mchanga huanzishiwa chakula akiwa na umri gani. Mume wa mkunga, ndani ya koti lililompwaya, akajibu kwa kujiamini kabisa: "Miezi mitatu."

"Sita, mume wangu," mkunga akasema. "Nimekwambia mara ngapi?"

Tukarudia. Safari hii alijiziba mdomo kwa leso, na "sita" ikapenya kwenye leso. Mimi si mtu wa subira. Nikamwomba aende jikoni na kufunga mlango. Akaenda. Jibu lilipotolewa, nikamsikia kutoka huko huko, taratibu: "Sita, mume wangu."

Nilikuwa nasogeza kamera turudie tena king'amuzi kilipozimika. Tulikichomoa, tukakichomeka, tukakipepea. Hakikuwaka tena.

Nikabaki na rekodi hiyo yenye sauti ya jikoni. Dukani ilikubali kuchomwa bila ukaidi wowote. Mkunga alipokuja nikamwonyesha, na nikamwomba radhi kwa ile sauti yake iliyoingia. Aliitazama mpaka mwisho, akaomba niirudishe pale kwenye jibu. Mume akajibu, mke akamsahihisha kutoka mbali, mume akaendelea kumchekea mtangazaji.

"Huwa naongea naye kutwa nzima," akasema. "Sikuwahi kusikia kwamba hajibu."

Nikapangusa diski ambayo haikuwa na vumbi.

"Yangu iache hivyo hivyo," akasema. "Hiyo ya binti yangu, unitoe mimi."

"Kwa nini, mama? Si atafurahi kukusikia?"

"Atajua ninavyoishi."

Nikamtoa. Binti akatumiwa diski safi ya baba yake, mama hayumo.