Mama Alipoyapigia Maji Hodi

Harufu ya klorini hunirudisha utotoni upesi kuliko harufu ya pilau. Najua si jambo la kutarajia kwa mtu ambaye wazazi wake wametoka Buyenzi, pale Bujumbura, lakini nawaambieni kama lilivyo. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu bwawani kwa mara ya kwanza. Mlango ulipofunguliwa, ule uvuguvugu mkali ukanipiga puani, na hapo hapo nikawa msichana wa miaka kumi, Jumapili asubuhi, katika mtaa wetu wa Saint-Josse, huku Ubelgiji, nimesimama ukingoni mwa maji huku meno yakigongana kwa baridi, na nyuma yangu ameketi mama yangu, amekumbatia taulo za watu wote.

Asubuhi za Jumapili bwawa la mtaa lilikuwa la wanawake na watoto wao tu. Walikuja Wamoroko, Waturuki, na sisi. Kundi letu sisi lilikuwa la Warundi na Wakongomani, na liliongozwa na Maman Béa wa Bukavu, mwenye duka la vitenge katika barabara ya Chaussée de Wavre, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha tramu. Mwalimu wetu wa kuogelea alikuwa Madame Lieve, Mbelgiji mzee aliyekuwa mtawa Gitega, kule Burundi, miaka mingi. Aliacha utawa, lakini Kiswahili hakukiacha, na kilikuwa Kiswahili cha mimbarini. Alisimama majini na kofia yake ya mpira ya buluu akihubiri, "Ndugu wapendwa, kunjeni miguu kama chura, kisha mnyooshe kwa imani." Sisi watoto tulicheka mpaka tukameza maji.

Mama alisikiliza mahubiri hayo mwaka mzima bila kulowa. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani, katika mtaa wa Uccle, na nadhani alikuwa amezoea kuwa mtu anayeshika taulo. Alikuja kila Jumapili, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye benchi la vigae, akatutazama. Maman Béa hakuchoka kumchokoza. Siku moja alimtupia methali, tena kwa Kiswahili sanifu ili imchome vizuri: "Mama Hadija, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Mama akajibu bila hata kuinua macho, "Mimi nimevua viatu tu."

Bwawa zima lilicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa mtoto, na kwa sababu mama yangu alikuwa hodari wa maneno. Sikujiuliza inakuwaje mtu aliyezaliwa kando ya ziwa kubwa kama Tanganyika aogope maji yanayofika kifuani.

Wazo la safari lilikuwa la Maman Béa. Alirudi siku moja kutoka kwa wakala wa usafiri na picha ya piramidi iliyotokeza juu ya msitu kama mnyama anayechungulia. Ilikuwa safari ya kikundi kwenda Meksiko, upande wa Yukatan: magofu ya Wamaya wa kale, miji iliyojengwa na Wahispania, kisha siku chache za ufukweni. Tulikuwa sebuleni kwetu, chai imeshamiminwa. Baba yangu akaitazama picha, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Huko mna nani?" aliuliza.

"Hatuna muntu," alisema Maman Béa. "Bon, ndiyo sababu tunaenda. Kila mwaka ni kwenda kuona wagonjwa, ao kilio, ao ndoa. Mwaka hii tunaenda kutembea tu. Kama bazungu."

Nilimwona mama akiichukua ile picha ya piramidi na kuiweka mapajani mwake, kama anayepakata mtoto. Kisha akasema, "Mimi na Hadija tutakwenda." Baba akapuliza chai yake. Alimjua mke wake. Sauti ile haikuwa ya kuomba ushauri.

Kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa begi. Begi la safari nililolijua mimi lilifungwa kwa watu wawili kulikalia, likiwa limejaa maziwa ya unga, viatu vya binamu, dawa za shangazi, na simu za watu nisiowajua. Safari hii mama alikunja nguo zake, akaweka na zangu, na begi likabaki nusu tupu. Alilizunguka mara kadhaa kama mtu aliyesahau jambo. Mwisho akatia chupa ya pilipili na thamosi, akafunga, na akalibeba kwa mkono mmoja huku akicheka peke yake.

Kule tulipokewa na joto ambalo lilimfanya mama avute pumzi na kusema, "Alhamdulillahi, hewa yenye uzito wake." Kiongozi wetu aliitwa Don Anselmo, mwanamume mfupi, mpana wa mabega, Mmaya mwenyewe, aliyejifunza Kifaransa kwa kuongoza watalii. Alipotupeleka katika mji wa kwanza, wenye nyumba za rangi ya ndizi mbivu na kanisa kama ngome, alitueleza kwamba mawe ya kanisa lile yalibomolewa kutoka mahekalu ya wenyeji. Madame Lieve, aliyekuja nasi, aliinamisha kichwa. Maman Béa aliupapasa ukuta kama anayekagua kitenge, akasema taratibu, "Kumbe hawa pia walipata wageni."

Don Anselmo alipotafsiriwa maneno hayo alicheka hadi akavua kofia. "Vitabu vinasema Wamaya walitoweka," alisema. "Leo asubuhi mke wangu amenigombeza kwa Kimaya tangu chai mpaka mlangoni." Tangu hapo akawa mtu wetu. Maman Béa alimwita tonton, yaani mjomba, naye akaitika bila kuuliza maana yake.

Kisha ikaja siku ya piramidi. Ilikuwa katikati ya msitu, na enzi hizo wageni walikuwa bado wanaruhusiwa kuipanda, wakijishika kwa kamba nene iliyolazwa kwenye ngazi. Ngazi zenyewe zilikuwa nyembamba na zimesimama wima kama ukuta. Watalii vijana walipanda kwa magoti na viganja. Maman Béa alifika robo ya njia akaketi, akatangaza kwamba mandhari ya hapo inamtosha kabisa. Mama alipita. Aliwapita vijana, akampita mwanamume mwenye fimbo mbili za kutembelea na kamera tatu, mgongo wake umenyooka, pindo la gauni lake amelishika kwa mkono mmoja. Nilipomfikia kileleni nikihema, alikuwa ameshakaa.

"Ngazi za wazee wa Uccle ni mbaya kuliko hizi," alisema. "Na hapa sijabeba ndoo."

Pande zote tulizungukwa na msitu, umelala sawasawa hadi unapokutana na mbingu. Mama aliutazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa nchi ya milima. "Hakuna mlima hata mmoja," alisema. "Watu hawa walikosa mlima, wakajijengea wao wenyewe." Baadaye, tuliposhuka, alimwuliza Don Anselmo swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria. "Sioni mto wala ziwa. Walikunywa nini?"

Don Anselmo akakanyaga ardhi kwa kisigino. "Maji yote yako chini," alisema. "Kesho nitakuonyesha."

Kesho yake tulishuka ngazi za mbao ndani ya shimo la mwamba, pango pana lililotoboka juu, jua likiingia kwa mshale mmoja. Chini kulikuwa na maji. Wenyeji huyaita senote. Yalikuwa ya buluu ambayo sijaiona tena popote, matulivu, na maangavu kiasi cha kuona mawe ya chini kana kwamba ungeyaokota. Mizizi ya miti iliyokuwa juu ya ardhi ilikuwa imepenya mwamba na kuning'inia kama nywele ndefu hadi ikayagusa. Kabla ya kushuka, tuliambiwa tuoge tuondoe mafuta mwilini, maji yasichafuke. Lilikuwa pigo kwa kina mama waliojipaka vizuri tangu alfajiri. Walinung'unika, wakaoga, wakavaa majaketi ya kuelea, wakaingia mmoja mmoja wakipiga yowe la baridi. Mimi nilishaingia zamani.

Mama alisimama kwenye jukwaa la mbao. Alikuwa amevaa suruali ndefu ya kubana na shati la mikono mirefu, kitambaa amekifunga vizuri kichwani. Hakuwa na taulo mkononi. Don Anselmo, aliyekuwa karibu naye, alimweleza kwamba kwa wazee wake mahali hapa palikuwa mlango wa waliokwisha kufa, na kwamba hata yeye haingii bila kuomba ruhusa.

"Mnaomba vipi?" mama aliuliza.

"Kila mtu kwa lugha yake."

Mama alifikiri. Akavaa jaketi, akalikaza mikanda. Akashuka ngazi ndogo ya mwisho mpaka maji yakamfika vifundoni, na hapo akasimama. Nilimwona kifua kikipanda na kushuka. Nilikuwa karibu vya kutosha kuona vidole vyake vimeking'ang'ania chuma cha ngazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikafahamu kwamba mama anaogopa, kwamba haikuwa uvivu wala maringo.

Kisha mama akasema, kwa sauti ile ile anayoitumia mlangoni kwa jirani, "Hodi."

Hakuna aliyecheka. Akangoja, kama desturi. Akarudia, "Hodi."

"Karibu," alijibu Maman Béa kutoka majini, naye kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Halafu mwingine akasema karibu, na mwingine, na Madame Lieve na kofia yake ya buluu, na mimi, na pango likazichukua sauti zetu likazizungusha kwenye mwamba, karibu, karibu, karibu, mpaka usingeweza kusema ipi ya nani.

Mama akaachia chuma.

Maji yalimpokea hadi shingoni. Alifumba macho, akayafumbua. Madame Lieve akamfuata mikono imenyooshwa, tayari kumshika, lakini mama hakushikika. Alikunja miguu kama chura na kuinyoosha. Mikono ikafuata. Mwaka mzima kwenye benchi alikuwa akisikiliza, na kumbe hakuna neno lililopotea. Alikuwa anakwenda polepole, kidevu juu, uso mkali kama wa mtu anayevuka barabara yenye magari, lakini alikuwa anakwenda. Kamba ya kushikia ilikuwa imefungwa upande wa pili, chini ya mshale wa jua. Alivuka mpaka huko. Aliishika, akageuka, akatutazama, kitambaa kimelowa, maji yanamtiririka usoni, na akacheka kwa sauti.

Vigelegele vilivyopigwa mle pangoni sijavisikia hata kwenye arusi. Watalii wa vikundi vingine, ambao hawakujua kilichotokea, walipiga makofi. Don Anselmo alikuwa amevua kofia na kuiweka kifuani. "Sasa nani atatoa huyu mama humu?" alisema Maman Béa, akilia na kucheka pamoja, na lilikuwa swali la haki, maana hakutoka mpaka tulipoambiwa gari linaondoka. Siku zilizobaki za ufukweni tulimwita kula kama mtoto mdogo. Alielea chali juu ya mawimbi, viganja vikitazama mbingu, na aliporudi mchangani ngozi ya vidole imejikunja, alikula samaki wawili na kuulizia wa tatu.

Miaka mingi nilisimulia habari hii kama hadithi ya kuchekesha ya mama aliyejifunza kuogelea akiwa amekaa. Nilikuwa nimeshajifungua mwenyewe ndipo aliponiambia sehemu iliyobaki. Tulikuwa jikoni kwake, binti yangu amelala mgongoni mwangu, naye anachagua mchele. Alisema kwamba wakati wa vita walitoroka Bujumbura kwa mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Alikuwa na mdogo wake, Mwajuma, waliokaribiana umri kiasi cha kuvaliana nguo. Walipokaribia ng'ambo ya ziwa, watu walisimama wote kwa pamoja, mtumbwi ukalala ubavu, na mkono wa mdogo wake aliokuwa ameushika ukamtoka. Alisema hayo akiendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Sikuweza kuingia maji yoyote baada ya pale," alisema. "Maji yote yanajuana."

Nikamwuliza kule pangoni alikuwa akimwomba nani ruhusa.

"Mwajuma," alisema. "Ningeingiaje kwake bila hodi?"

Nikauliza swali la kitoto, labda kwa sababu aliyekuwa anauliza alikuwa bado yule msichana wa miaka kumi. Nikamwuliza kama alijibiwa.

Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimeuliza kama jua lilitoka siku ile.

"Si ulikuwepo?" alisema. "Hukusikia zile karibu, jinsi tulivyokuwa wengi?"