Tumbo la Lul

Ukimsalimia Dekow Yarow kwa mkono, kiganja chako kilibaki na harufu ya nta mpaka utie udhu mara mbili. Garissa ya miaka ile ilikuwa na harufu zake nyingi, ya mbuzi, ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa moshi, ya dizeli ya malori ya askari, lakini ile ya nta ilikuwa ya mtu mmoja tu. Sadiyo mkewe alikuwa akimpokea jioni kwa kumwambia, "Leo tena umeshinda kwa mke mwenzangu." Dekow hakatai wala hacheki, anaketi tu aletewe chai.

Mke mwenza huyo alikuwa ndege. Si ndege ya serikali. Ilikuwa ndege ndogo ya viti vinne, mali ya Daktari Noronha, Mgoa wa Nairobi aliyeinunua kwa fedha zake mwenyewe na kuilaza katika kiwanja cha Garissa, akizunguka nayo kutibu watu mahali ambapo gari linafika kwa bahati. Haikupakwa rangi. Ilikuwa bati tupu kuanzia pua hadi mkia, na bati likiachwa na vumbi la Garissa wiki moja tu, linazeeka.

Dekow hakuzaliwa na kazi hiyo. Alizaliwa upande wa Ijara, akakua nyuma ya ngamia, na ukame ulipowamaliza ngamia wake akaja mjini na mkewe na sufuria mbili. Siku daktari alipouliza nani ataweza kuiosha ndege, watu walikuja wengi, na wote walikimbilia panga la mbele linalozunguka kulishika. Dekow peke yake alipitia nyuma. Aliigusa mkia, akasogea polepole akiipapasa ubavu, kama unavyomwendea ngamia usiyemjua tabia. Daktari akasema, "Huyu. Huyu hatakatwa kichwa."

Basi akawa yeye. Alfajiri, akishaswali, alianza kabla jua halijaligusa bati, kwa sababu bati likipata moto dawa inakauka juu yake na kuacha madoa. Kwanza maji na sabuni. Kisha mafuta ya taa kwa wadudu waliogandia mbele ya mabawa. Kisha dawa ya kung'arishia, anaizungusha kwa kitambaa cha kikoi kikuukuu, miduara midogo midogo, mpaka bati linatoa weusi. Mtu asiyejua akiuona weusi ule hudhani ndege inaharibika, kumbe uchafu ndio unatoka. Anaufuta, ndipo anapaka nta, anaiacha ifanye ukungu, na mwisho anaisugua kwa ngozi laini ya mwanambuzi ambayo Sadiyo aliikanda kwa mikono yake. Ndiyo, huyohuyo Sadiyo mwenye wivu.

Wafugaji wa huko porini waliipa ndege ile jina. Msomali hakai na kitu bila kukipa jina. Waliiita Lul, yaani lulu, kwa sababu ilipogeuka angani asubuhi ilimetameta hivyo. Na jina hilo halikuwa la mchezo. Ulikuwa mwaka wa sitini na tano, vita vya serikali na waasi wa shifta vimeshika, na angani kulikuwa na ndege nyingine pia, ya kijivu. Ile ya kijivu ikipita leo, kesho malori yanakuja, wanaume wanaulizwa maswali na ngamia wanahesabiwa. Kwa hiyo watu waliona rangi kwanza. Kijivu: kimbia porini. Inayong'aa: toka, mlete mgonjwa.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa Nafiso, dada mkubwa wa Dekow, aliyeolewa Balambala. Alikuwa na ugonjwa wa kifua. Kila Alhamisi daktari alimpiga sindano na kumwachia kifurushi cha dawa za wiki nzima, na kikohozi kilikuwa kimeanza kumwachia usingizi. Daktari alishamwambia Dekow waziwazi, "Dada yako atapona. Ila asikose. Akikosa wiki mbili tatu, ugonjwa unarudi na hasira, na dawa hizi hazitauweza tena."

Sasa, kiwanja cha Garissa kilikuwa na mlinzi wake mkuu, Inspekta Ndolo, mtu wa Kitui, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamsha punda. Ndiye aliyeweka sheria kwamba daktari akifika mahali asione akina mama na watoto kiwanjani, asitue, maana huenda shifta wako karibu. Hiyo ilikuwa sheria nzuri. Ya pili ndiyo iliyoleta shida.

"Wewe warya!" alimwita Dekow siku moja, kwa neno ambalo Wasomali huitana wao kwa wao. "Hii kitu yenu nimeiona nikiwa kule darajani. Inawaka kama kioo! Adui akiwa ng'ambo ya mto hahitaji hata darubini. Ipakwe kitu cha kuizima, ama haipai."

Daktari alibishana, akachoka, akainua mikono. Yakachanganywa majivu na oili chafu kwenye debe. Na nani wa kupaka, kama si Dekow? Alipaka asubuhi nzima, kwa vitambaa vilevile. Sadiyo alipomwona jioni hakutaja mke mwenza. Alimwaga maji mkononi mwake tu, akamwacha anawe.

Alhamisi daktari akaruka, akarudi mapema mno. Dekow alifungua mlango akaona kifurushi cha Nafiso kimekaa kwenye kiti, uzi wake haujaguswa.

"Hakukuwa na mtu," daktari alisema. "Nimezunguka mara tatu. Hata mbuzi sikuona."

Alhamisi ya pili, vilevile. Kifurushi kikarudi. Dekow alikichukua akakishika kama anayepima uzito wake, akakirudisha.

Habari ilikuja na Keinan, mchuuzi aliyeshuka kutoka Balambala na punda wake wawili kwa pasi ya kusafiria ya siku nne. Alimkuta Dekow kivulini mwa bawa, akampa salamu zote, za nyumbani, za mifugo, za mvua, kisha akaanza kucheka.

"Walaal, ndugu yangu, mmeiuza Lul? Siku hizi Alhamisi inakuja ile mbaya ya kijivu. Juzi tumekimbia mpaka viatu vimebaki."

"Dada yangu je?"

Keinan akaacha kucheka. "Alikimbia pia. Alikohoa njia nzima. Alijificha kwenye miiba tangu asubuhi hadi adhuhuri, na alipotoka shali yake ya manjano ilikuwa na damu."

Dekow aliitazama ile ndege. Majivu aliyoyapaka kwa mkono wake ndiyo yaliyomkimbiza dada yake porini. Keinan akaaga, akaondoka na punda wake.

Kesho yake, hata jua halijapanda, alifanya jambo bila ruhusa. Alilala chali juu ya gunia chini ya bawa la kushoto, akasafisha mahali pa ukubwa wa sinia ya wali. Mafuta ya taa, dawa, nta, ngozi. Kisha akaenda kusimama mbele ya hema la Inspekta, ambaye alikuwa anakunywa uji.

"Afande, nimeiosha ndege kidogo."

"Umefanya nini? Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Njoo utafute nilipoosha. Ukipaona, nifunge."

Inspekta aliweka kikombe chini kwa kishindo, akaja. Akaizunguka ndege mara moja, mikono nyuma. Akaizunguka tena, safari hii ameinama kidogo na kukunja uso. Askari wawili nao wakawa wanachungulia.

"Unanichezea? Iko vilevile, chafu kama sufuria."

"Lala hapa, afande." Dekow akapapasa gunia.

"Mimi? Nilale chini ya ndege kama fundi wa lori?"

"Dakika moja tu. Gunia ni safi. Mimi mwenyewe nimelilalia."

Askari wakageuka kutazama mawingu ambayo hayakuwapo. Inspekta akavua kofia, akajishusha goti moja, akajishusha la pili, akalala chali na pumzi ndefu. Juu yake, pale pa ukubwa wa sinia, akakutana na Inspekta Ndolo mwingine, masharubu yake yana uji. Akaufuta haraka.

Dekow akachuchumaa kando yake. "Wewe unaiangalia ikiwa imelala, afande. Unaona mgongo. Mtu wa porini hajawahi kuona mgongo wa ndege hii. Yeye anajua tumbo. Ikiwa kiwanjani tumbo liko kivulini, hata wewe umelitafuta hukuliona. Acha mgongo na majivu yako. Nipe tumbo."

"Na ikipigwa risasi?"

"Tangu vita vianze iling'aa, na hakuna aliyeipiga. Inawatibu watoto wao."

Inspekta alibaki pale chini, labda kwa sababu kuinuka kulikuwa kazi. Mwishowe akasema, "Dada yako ndiye yule wa kifua? Daktari aliniambia."

"Ndiye."

"Haya. Tumbo peke yake. Lakini wewe utapanda, Alhamisi. Kama una hakika hivyo, kaa ndani yake."

Dekow akashika ukingo wa bawa. Miaka yote hiyo ya kuipapasa, kila ribiti ya bati lake anaijua kwa kidole, na hajawahi kuinuka nayo hata futi moja. Afadhali kupanda ngamia. Ngamia angalau miguu yake iko chini.

"Nitapanda," alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua.

Siku mbili alilala chali. Kazi ya tumboni ina uzuri wake, kwa sababu jua halikufikii, unaweza kusugua hata mchana. Ubaya ni kwamba kila tone linakuangukia. Alitoka pale uso mweusi, ndevu nyeusi, meno tu ndiyo meupe, na Sadiyo akakataa kumfungulia mpaka ataje jina la mama yake.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, alipanda. Alisoma dua zote alizozijua, na zilipokwisha akazianza upya. Ndege ilipoachana na ardhi alifumba macho, akashika kwa mkono mmoja kifurushi cha Nafiso, na kwa mwingine kopo tupu la nta. Juu ya Mto Tana kopo lile lilipata kazi. Daktari alitazama mbele kwa adabu.

"Balambala hiyo," daktari alisema baadaye. "Fumbua macho, Bwana Dekow. Niangalizie watu."

Dekow akafumbua. Vibanda, zizi la miiba, kiwanja cheupe chenye nyufa. Hakuna mtu. Wakazunguka mara moja, juu kidogo. Hakuna mtu. Kiwanja kilikuwa kitupu kabisa.

"Sheria ni sheria," daktari alinong'ona. "Mara moja tena, halafu turudi."

"Daktari, ilaze. Ilaze ubavu, jua liione chini."

"Utatapika."

"Nishatapika. Ilaze!"

Daktari akailaza. Bawa moja likaelekea chini, dunia ikasimama wima dirishani, na Dekow, shavu limebanwa kwenye kioo, akaona kitu kinakimbia juu ya ardhi: doa la mwanga, kubwa kama zizi, linapita juu ya miiba, juu ya vibanda, juu ya mto. Likapita kwenye kichaka kimoja, na kichaka kikatoa mwanamke. Kisha wawili. Kisha watoto, wengi, wanakimbia kuelekea kiwanjani na mikono juu. Nyuma yao wote, anatembea polepole, amesimama kupumua, anatembea tena, shali ya manjano.

Dekow alilia, tuseme ukweli, lakini kwa jasho lililomjaa usoni hakuna ambaye angejua.

Walitua. Daktari alimpiga Nafiso sindano yake, akamsikiliza kifua muda mrefu, akasema amechelewa lakini hajapotea. Nafiso akameza vidonge vya kwanza palepale kwa maziwa ya ngamia, akafungasha vilivyobaki katika ncha ya shali yake. Ndipo akamtazama mdogo wake vizuri kwa mara ya kwanza, ameegemea gurudumu.

"Dekow. Wewe ndiye ulikuwa humo juu?"

"Mimi, abaayo, dada yangu."

Nafiso akaizunguka Lul polepole, akapitia nyuma, kama alivyofundishwa na baba yao yuleyule. Akainama akatazama tumbo, akatabasamu. Akainuka akapitisha kidole juu ya mgongo wa ndege, akakitazama kidole, akamwonyesha.

"Na huku je? Uvivu, au nta iliisha?"